Kuijua Thamani ya Kazi Yako Kabla ya Kukaa Mbele ya Mwajiri

Mtu aendaye kununua samaki katika soko la Feri, Dar es Salaam, saa za alfajiri ngalawa zinaporudi kutoka baharini, haoni haya kuuliza bei kwa mchuuzi wa kwanza, akaondoka, akauliza kwa wa pili, akarudi kwa wa kwanza na bei ya pili ulimini mwake, wakavutana kwa dakika kumi juu ya changu mmoja. Na hata wasipoafikiana huagana kwa salamu, wala hapana kati yao ahesabuye kwamba amevunjiwa heshima. Lakini mtu huyohuyo, siku anapoitwa ofisini kuuza kitu kilicho aali kuliko samaki wote wa bahari, yaani miaka yake, elimu yake na nguvu za mikono yake, akaulizwa kwa upole, "Je, ungependa tukulipe kiasi gani?", huinamisha uso, akasugua viganja, akajibu, "Chochote mtakachoona kinafaa." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na mimi mwenyewe nimepata kulitoa, na nia ya mwongozo huu ni kukuomba wewe msomaji usilitoe tena.

Nilikuwa kijana wa miaka 23 nilipoomba ukarani wa hesabu katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Bwana aliyenisaili alikuwa mtu wa murua, akaniagizia chai, akaniuliza habari za wazazi wangu, nami nikaona kwamba kutaja fedha mbele ya jamala ile kungekuwa utovu wa adabu. Nikasema nitaridhika na watakachonipa, wakanipa, nikashukuru. Mwezi wa nane tangu kuajiriwa nikaamriwa kunakili makisio ya mwaka uliopita katika daftari jipya, na kwenye ukurasa wa mishahara nikaikuta kasma ya kazi yangu, imeandikwa kwa mkono wa bwana yuleyule wiki tatu kabla ya siku ya usaili, na kiasi kilichoandikwa pale kilizidi nilichokuwa nikipokea kwa zaidi ya theluthi moja. Hakunidanganya na hakunidhulumu, kwa maana hakunificha neno nililomuuliza. Fedha ile ilikuwa imetengwa, ikaningoja niitaje, nami nikaipita kama mtu apitaye mlango wa nyumba yake usiku asiutambue.

Tangu siku ile nimejua, na ningependa nawe ujue mapema kuliko nilivyojua mimi, kwamba mwajiri aghalabu huingia katika usaili akiwa na tarakimu mbili: ile anayotamani kulipa, na ile ambayo hawezi kuivuka. Nafasi iliyopo baina ya tarakimu hizo ndiyo uwanja wenu wa mazungumzo, na mtu asiyesema neno huwekwa kwenye ukingo wa chini, bila ya chuki yoyote.

Yatupasa kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo neno thamani huvichanganya. Utu wako hauna bei. Hauongezeki kwa mshahara wa milioni tano wala haupungui kwa mshahara wa laki mbili, na mtu aingiaye usailini akidhani kwamba ni utu wake unaotiwa mizanini ama atanyenyekea kupita kiasi, akiogopa kuonekana hafai, ama atajitutumua na kughadhibika kila kiasi kidogo kitakapotajwa, kana kwamba ametukanwa. Kinachouzwa ni kazi, na kazi ina bei yake kama ilivyo na bei mbao au karafuu, bei ipandayo na kushuka kwa sababu zinazoweza kujulikana: wangapi wanaiweza, wangapi wanaihitaji, na mwenye kuihitaji atapata hasara gani akiikosa. Hata maneno tuliyorithi yanatufundisha hivyo. Mshahara ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni mwezi. Maana yake ni malipo ya mwezi, wala hamna ndani yake harufu ya sadaka. Kibarua nacho kilikuwa cheti, barua ndogo aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akiionyesha apate malipo yake. Wazee waliotuachia maneno haya waliufahamu ujira kuwa ni deni lenye hati.

Wako watakaonijibu kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo nimeiheshimu tangu utotoni, na katika mambo ya tabia naikubali mpaka leo, ila katika mambo ya ajira naamini imewaponza watu hodari wengi. Chema hujiuza mahali ambapo mnunuzi anakiona. Nazi iliyokomaa hutikiswa sikioni ikajulikana; lakini kazi ya mhasibu aliyegundua kosa kabla halijawa hasara haionekani, kwa kuwa hasara yenyewe haikutokea, na muuguzi ambaye zamu yake imepita bila ya msiba hana cha kuonyesha asubuhi ila wodi iliyotulia. Kadiri kazi inavyofanywa vizuri ndivyo inavyozidi kujificha, na aitendaye asipoisemea, itasemewa na nani?

Kwa sababu hiyo jambo la kwanza la kutenda, hata kabla ya kuwaza kubadili kazi, ni kununua daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mfanyakazi ni mambo aliyoyatenda. Kila Ijumaa jioni andika uliyoyatimiza juma hilo, na uyaandike kwa tarakimu pale tarakimu zinapowezekana. Usiandike kwamba ulifanya kazi kwa bidii, maana hilo kila mtu husema. Andika kwamba hesabu za mwezi zilizokuwa zikifungwa kwa siku 12 sasa zinafungwa kwa siku tano. Dereva aandike kilomita alizokwenda bila ya ajali na lita za dizeli alizotumia. Mpishi wa hoteli aandike idadi ya wageni aliowalisha na kiasi cha chakula kilichokuwa kikitupwa na sasa hakitupwi. Mwalimu aandike darasa lilivyokuwa alipolipokea na lilivyo alipoliacha. Barua za shukrani za wateja zihifadhi, lakini nyaraka za siri za ofisi usizitoe nje hata ukurasa mmoja, kwani atakayekuajiri akiona umetoka na siri za mwenzake atajua kwamba siku moja utatoka na zake. Baada ya mwaka mmoja utashangaa mwenyewe kwa wingi wa mambo uliyokwisha kuyasahau, na mimi nasema kwa hakika kwamba hakuna kitu kinachompa mtu utulivu mbele ya mwajiri kuliko kumbukumbu za namna hiyo.

Jambo la pili ni kujua bei ya soko, na hapa mila zetu zinatutia uzito, kwa kuwa kumuuliza mtu mshahara wake huhesabiwa kuwa ni kumchungulia chumbani, na mwenye kuulizwa hushuku kijicho au mkopo unaokuja. Basi usimuulize mtu, "Wewe unalipwa kiasi gani?" Muulize, "Mtu anayeanza kazi kama hii leo, ofisi nyingi humpa kuanzia kiasi gani mpaka kiasi gani?" Swali la kwanza linamhusu yeye, la pili linahusu kazi, na watu hulijibu kwa uwazi, mara nyingine kwa kujitaja wenyewe bila ya kuombwa. Uliza watu watano kwa uchache, na mmoja wao awe ni mtu aliyekwisha kuacha kazi hiyo, ambaye ulimi wake ni mwepesi, na mwingine awe ni mtu ambaye kazi yake ni kuajiri. Matangazo ya kazi za serikali ya Tanzania hutaja ngazi ya mshahara, kama TGS D, ambayo wengi wenye shahada huanzia, nayo ni kipimo kimojawapo hata kwa anayekwenda katika kampuni ya mtu binafsi. Viko pia vima vya chini vinavyotangazwa kwa amri ya serikali, kila sekta na chake, chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Na kwa watumishi wa umma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mjini Singida, siku ya Mei Mosi 2025, kwamba kima cha chini kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Vima hivyo ni sakafu ambayo mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake. Mwenye ujuzi akijipima kwa sakafu anajidhulumu, na mwajiri amwambiaye, "Sisi tunalipa kwa mujibu wa sheria," amemweleza tu kwamba havunji sheria.

Swali linalowaangusha wengi kuliko yote ni hili: "Kazini unakotoka walikuwa wanakulipa kiasi gani?" Husemwa kwa wepesi, kama mtu aulizaye hali ya hewa, na hujibiwa kwa wepesi uleule. Kabla hujalijibu nataka ukumbuke kipande. Katika koloni la Kenya, sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya kwisha Vita Kuu vya Kwanza ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kuchukua hati iliyotiwa ndani ya kijaluba cha bati na aghalabu kuvaliwa shingoni kwa kamba. Ndani yake zilikuwamo alama za vidole vyake, jina la aliyemwajiri, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na kiasi alicholipwa. Aendaye kutafuta kazi mpya alifungua kijaluba, mwajiri akasoma mshahara wa zamani, na mapatano yakawa yamekwisha kabla ya kuanza, kwa maana nani atampa shilingi 14 mtu ambaye hati yake inasema jana alikubali nane? Kipande kilichukiwa; mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walikipinga waziwazi tangu miaka ya 1921 na 1922, na chuki ile haikuwa ya kamba na bati peke yake, ilikuwa pia ya kunyang'anywa haki ya kuanza upya. Leo hapana anayetuvika kijaluba kile. Lakini kila mtu anayejibu swali lile kwa tarakimu tupu, bila ya neno jingine, anajivika kipande mwenyewe kwa ulimi wake.

Sisemi useme uongo. Kuongeza mshahara wa zamani ni ghashi, na hati moja ya malipo itakayoombwa baadaye inatosha kukuvunjia jina. Sema hivi, au kwa maneno yako yenye maana hii: "Mshahara wa kule ulipangwa kwa majukumu ya kule, Bwana. Hapa majukumu mliyonieleza ni mapana zaidi, na nimejifunza kwamba kazi ya namna hii hulipwa kiasi hiki; ningeomba mazungumzo yetu yaanzie hapo." Akishikilia, taja ukweli, na mara ukishautaja eleza ni kwa nini kiasi hicho ni sababu mojawapo ya wewe kuwa umeketi mbele yake.

Kabla ya siku yenyewe fanya hesabu ya makato, kwa sababu watu wengi hupatana kiasi kimoja na kupokea kingine, kisha wakadhani wameibiwa. Anayeambiwa Tanzania Bara kwamba atalipwa milioni moja, akapanga kodi ya nyumba na ada za watoto kwa milioni moja, hajaambiwa habari yote. Tuchukue kwamba milioni hiyo yote ni mshahara wa msingi na mchango wake wa hifadhi ya jamii, yaani NSSF, ni asilimia 10: zitaondoka kwanza shilingi 100,000. Zinazobaki, 900,000, ndizo zinazotozwa kodi ya mapato kwa viwango vilivyoanza Julai 2021: shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, 240,000 baada ya hizo hutozwa asilimia 20, na 140,000 za mwisho asilimia 25, jumla ikawa 103,000. Kitakachomfikia mkononi ni 797,000. Kama alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi nayo itakatwa, na milioni ile itakuwa imebaki 647,000. Kwa hiyo kiasi chochote kinapotajwa, uliza bila ya haya, "Hicho ni ghafi, au ni cha kunifikia mkononi?" Swali hili fupi limeokoa ugomvi mwingi. Msomaji aliye Kenya ana makato ya kwake, yakiwamo asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya nyumba za gharama nafuu, na hesabu yake aifanye kwa namna hiyohiyo.

Ukishajua hayo, andika tarakimu tatu katika karatasi uiweke mfukoni: ya kutaja, ya kuridhika, na ya kuondokea. Tarakimu ya tatu hutoka katika maisha yako, yaani kodi ya nyumba ambayo mijini hudaiwa kwa miezi sita au mwaka mzima, nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, chakula, na wanaokutegemea. Nayo ni siri yako. Usiipeleke mezani. Nimewaona watu wazima wakimwambia mwajiri kwamba wana watoto watatu na mama mgonjwa, na ingawa maneno yao yalikuwa kweli tupu, waligeuza ujira kuwa sadaka kwa kinywa chao wenyewe, na mwenye kutoa sadaka ndiye huamua kiasi chake. Mwajiri mwema atakuhurumia, naam, lakini huruma hainunui kazi. Taja kazi utakayoifanya, taja uliyokwisha kuyafanya, kisha taja tarakimu.

Siku ya kuonana, amkia kama inavyopasa. Kama anayekusaili ni mtu mzima kwako, mpe shikamoo yake, akikuitikia marahaba usidhani kwamba umekwisha kufungwa mdomo. Hapa tunaye mwalimu ambaye twamsahau, naye ni mshenga. Tazama mshenga anapopelekwa kuzungumza mahari: huingia kwa staha, huketi anapoonyeshwa, hasemi neno la ukali, wala hakubali siku ya kwanza. Wazee wa upande wa pili wakitaja kiasi, huinamisha kichwa, akashukuru, akasema kwamba ameyasikia na atayarudisha kwa waliomtuma. Hakuna aliyepata kumwita mshenga mkosefu wa adabu kwa sababu hiyo. Nawe fanya kama yeye. Ukiweza, mwache mwajiri ataje kwanza: "Samahani, Mama, kabla sijasema langu, ningependa kufahamu nafasi hii imetengewa kiasi gani." Akikataa, taja tarakimu moja, wala usitaje mbili ukisema "kati ya hiki na hiki", kwa kuwa wewe utakuwa unaisikia ya juu na yeye ataisikia ya chini tu.

Ukishaitaja, nyamaza.

Hapo ndipo penye mtihani mkubwa, kwa sababu sisi watu wa pwani hatukulelewa kukaa kimya mbele ya mgeni; kimya hutuelemea, tukakiziba kwa maneno ya kujirudisha nyuma: "lakini hata mkipunguza si mbaya," au "lakini tunaweza kuongea." Maneno hayo mawili matatu, yaliyosemwa kabla ya kuulizwa, yanagharimu fedha nyingi kuliko jambo jingine lolote nililolitaja hapa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwache mwenzako afikiri. Huenda akapiga hesabu kichwani, huenda akatazama daftari lake, na atakaposema kwamba kiasi hicho ni kikubwa, usiudhike wala usishuke papo hapo. Muulize ni kiasi gani kinachowezekana, na kama kitaangaliwa tena baada ya muda wa majaribio. Kisha omba siku mbili: "Naomba nikashauriane na wenzangu nyumbani, keshokutwa nitaleta jibu." Katika nchi zetu hakuna mwajiri mwenye akili atakayelaumu neno hilo.

Fedha za mwezi si malipo yote. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na likizo ya mwaka iwe siku 28 zenye malipo. Haya ni haki, kwa hiyo usikubali yahesabiwe kuwa ni hisani uliyoongezewa badala ya mshahara. Yanayozungumzika ni mengine: bima ya afya itakayowachukua na watoto, usafiri wa usiku, nyumba kwa anayehamishiwa mbali, ada ya mafunzo. Na kuna mtego ambao ningetaka uutazame kwa hadhari. Baadhi ya waajiri hupenda kuandika mshahara wa msingi mdogo na posho nyingi juu yake, jumla ikapendeza macho. Lakini malipo ya saa za ziada hupigwa kwa mshahara wa msingi, na kiinua mgongo cha anayeachishwa kazi, ambacho kwa sheria hiyo si pungufu ya mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hata kufikia miaka kumi, nacho hupigwa kwa msingi huohuo. Posho huja na kuondoka. Ukipewa hiari, ongeza msingi.

Yote mliyoafikiana yaandikwe. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, yakiwamo malipo na namna yanavyokokotolewa, na akikwambia kwamba karatasi zitafuata, mwandikie wewe mwenyewe siku hiyohiyo barua fupi ya adabu ukimshukuru na kuyataja mliyopatana, moja baada ya moja. Malipo yakipungua na mazungumzo yakashindikana, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa madai ya namna hii muda ni siku 60, basi usikae mwaka mzima ukinung'unika. Kwa ndugu zetu, hasa wanawake, waendao kufanya kazi za nyumbani Oman na nchi nyingine za Ghuba, neno hili lina uzito maradufu: wako waliotia sahihi mkataba mmoja hapa, wakafika kule wakaonyeshwa mwingine wenye kiasi kidogo na kazi kubwa. Nakala ya mkataba wa kwanza iachwe nyumbani kwa mtu mnayemwamini, na picha yake iwe katika simu.

Kwa aliye kazini tayari na anataka kuongezwa, kanuni ni zilezile, ila ombi lina saa yake. Makisio hufungwa kabla ya mwaka wa hesabu kuanza, na mwenye kuomba baada ya kufungwa humkuta meneja mwenye nia njema na sanduku lililofungwa. Ulizia ofisini mwenu mwaka wa hesabu unaanza lini, iwe ni Januari au Julai, kisha peleka ombi miezi mitatu kabla, pamoja na kurasa mbili tu zilizotolewa katika daftari lako.

Itatokea pia kwamba umejua thamani ya kazi yako, umesema vizuri, na bado ukakataliwa, kwa sababu mlango una watu mia wanaoingoja nafasi hiyohiyo. Hapo elimu ya mtu mmoja imefika mwisho wake. Wafanyakazi wa Mombasa walilijua hilo Januari 1947, maelfu yao walipoacha kazi kwa siku 12, bandarini, katika reli na majumbani, wakidai ujira ambao hakuna mmoja wao angeweza kuupata kwa kwenda peke yake kwa bwana wake. Na mahakama ya usuluhishi iliyoundwa baada yake iliwaongezea. Chama cha wafanyakazi chenye viongozi waaminifu hukuzungumzia pale ambapo wewe peke yako huna uzito. Jiunge nacho, na usome mkataba wa hali bora mahali pa kazi penu kabla ya kulalamika kwamba hakuna kinachofanyika.

Limebaki jambo ambalo nimelichelewesha kwa makusudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini niliyoitaja inamtaka mwajiri ahakikishe ujira ulio sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa, na hata hivyo wako wanawake wengi wanaojitajia kiasi cha chini kuliko wenzao wa kiume wenye ujuzi mdogo, kwa kuwa walifunzwa tangu utotoni kwamba binti mwema haombi. Dada yangu unayesoma maneno haya, mwambie mwajiri tarakimu ileile ambayo kaka yako angeitaja. Na wewe uliyesoma mpaka hapa ukijiandaa kudai haki yako ofisini, huenda nyumbani kwako yuko msichana anayeamka kabla yako, akachemsha chai yako, akawavisha watoto wako, na siku aliyoletwa kutoka kijijini alisema maneno yaleyale niliyoyasema mimi mbele ya bwana wa bandarini, kwamba ataridhika na utakachompa. Wewe kwake ndiye mwajiri mwenye tarakimu mbili. Nakuomba leo jioni, vyombo vikishaoshwa, umwite aketi kitini, mpatane mshahara, siku ya kulipwa, saa za kulala na siku ya mapumziko, uyaandike hayo yote kwenye karatasi mbili, na moja umkabidhi akae nayo.